Maisha ya Joseph Swan na Picha za Masizi

Sisi tukaao Bugembe tu jirani wa Jinja, na umeme si mgeni kwetu, maana bwawa la Owen Falls, liitwalo sasa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Kwa hiyo labda mmepata kulisikia jina la Joseph Swan, Mwingereza aliyefanyiza taa ya umeme. Mimi nataka kuwaeleza kazi yake nyingine, ambayo inatufaa sana sisi wa chama cha picha.

Swan alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1828 katika mji wa Sunderland. Aliacha shule angali kijana mdogo, akawekwa kujifunza kazi katika duka la dawa. Kisha akaenda Newcastle, akafanya kazi pamoja na John Mawson, shemeji yake, aliyekuwa na duka la namna hiyo.

Siku zile picha zilichapwa kwa chumvi za madini ya fedha, na nyingi zilififia. Watu walisikitika kuona nyuso za wazazi wao zikipotea. Masizi hayafifii, na mwaka 1855 Mfaransa Alphonse Poitevin alikwisha jaribu kuchapa picha kwa masizi yaliyochanganywa na gelatini na dawa ya kuifanya iguswe na mwanga. Palipopigwa na mwanga paliganda. Penginepo paliyeyuka katika maji ya moto. Lakini mwanga huanza juu. Palipotakiwa kijivu, ngozi ya juu tu iliganda, na chini pakabaki laini. Picha ilipooshwa, ngozi ile ilichukuliwa na maji. Nyeusi ilibaki, nyeupe ilibaki, kijivu kikapotea, na uso wa mtu bila kijivu si uso.

Mwaka 1864 Swan alipata njia. Aliibandika picha kifudifudi juu ya karatasi nyingine, akaibandua karatasi ya kwanza, kisha akaiosha kwa upande wa nyuma. Sasa ngozi ile nyembamba ilikuwa imeshikwa, haikuweza kwenda. Tabaka nene likawa jeusi, jembamba likawa kijivu, na yote ni masizi yale yale.

Sisi nasi twapigana na shida hiyo hiyo. Printa haiwezi kutoa tone lililo nusu jeusi. Hutawanya matone meusi mbali mbali, na shavu la mtu huonekana kama limenyunyiziwa pilipili manga. Basi twachukua wino mweusi wa masizi sehemu moja, twatia kioevu cha wino kisicho na rangi sehemu tatu, tukapata kijivu. Hicho twakizimua tena kupata kijivu chepesi, kisha twavijaza mahali pa wino wa rangi. Chupa hutikiswa kwanza, maana masizi hutuama. Tena masizi yaliyozimuliwa huelekea rangi ya kahawia, kwa hiyo asiyeipenda hutia wino wa buluu kidogo sana.

Mwaka 1867 Mawson aliuawa na mlipuko wa nitrogliserini, na mzigo wa duka ukamwangukia Swan. Hata hivyo hakuacha kujaribu mambo mapya. Mwaka 1879 alitoa karatasi ya picha ya bromidi, na mwaka huo huo aliwaonyesha watu wa Newcastle taa yake, ambayo uzi wake nao ulikuwa wa kaboni, ndugu ya masizi. Mwaka 1881 taa zake ziliwaka katika jumba la michezo la Savoy, London. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1904, akafa tarehe 27 Mei 1914.

Ninyi wazee wetu mliosoma hapa, tazameni picha zenu za zamani ukutani. Zikiwa zimeanza kufifia, tuleteeni tuzichape upya kwa masizi, wajukuu wenu wapate kuzijua nyuso zenu.