Bwana Jackson na Mlima wa Masaba

Asubuhi moja nilipanda Mwamba wa Tororo. Mawingu yalikuwa yameondoka, nikauona Mlima Elgon wote, nikakumbuka habari za Frederick Jackson.

Bwana huyu, Mwingereza, alizaliwa mwaka 1860. Mwaka 1889 aliongoza msafara wa kampuni ya Kiingereza kutoka pwani mpaka kwa Mumia, mashariki ya Busia. Huko zilimfikia barua za Kabaka Mwanga akiomba msaada. Lakini Jackson alikuwa amekatazwa kuingia Uganda; basi akaenda kaskazini, na mwezi wa Februari 1890 akauvuka mlima ule. Huku nyuma Mjerumani Carl Peters akafika kambini, akazifungua barua zake, akaenda mbio kwa Mwanga, wakatia mkataba. Mkataba ule ukavunjwa na mapatano ya Uingereza na Ujerumani mwaka uo huo.

Hata hivyo Jackson alipanda cheo, akawa Gavana wa Uganda mwaka 1911. Alikufa mwaka 1929. Kilele kimoja, chenye mita 4,165, kinaitwa kwa jina lake.

Lakini Wagisu wa Uganda na Wabukusu wa Kenya huuita mlima huo Masaba, jina la babu yao. Mpaka umeukata mlima, jina halikukatika. Ndugu zangu, someni ramani, kisha waulizeni wazee.