Louis Néel: Bingwa wa Sumaku Isiyovuta

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Msemo huu unamfaa bwana mmoja aliyechunguza vitu visivyovuta hata pini.

Louis Néel alizaliwa tarehe 22 Novemba 1904 mjini Lyon, Ufaransa. Mwaka wa 1928 alikwenda Strasbourg kufanya kazi chini ya Pierre Weiss, mwalimu aliyesifika kwa elimu ya sumaku. Hapo swali moja lilimsumbua: mbona kuna vitu ambavyo kila atomu yake ni sumaku ndogo, lakini kipande kizima hakivuti chochote?

Hebu kumbuka mchezo wa kuvuta kamba siku ya michezo. Timu zikilingana nguvu, kamba haisogei. Ukiitazama kamba tu utadhani hakuna anayevuta, kumbe watu wanatoa jasho! Ndivyo alivyoeleza Néel mwaka wa 1936: atomu jirani huelekea pande zilizo kinyume, basi nguvu zao hufutana. Joto likizidi kiwango fulani, mpangilio huo huvunjika. Leo kiwango hicho huitwa halijoto ya Néel.

Tena, ndani ya fuwele atomu hazielekei popote tu. Upo mwelekeo mwepesi na upo mgumu, kama ngamia wetu wanavyoshika njia ya kisimani bila kusukumwa, lakini jaribu kuwapitisha kwenye majabali uone! Tabia hii ni kali sana katika metali nyingi za kundi la madini adimu, kundi ambalo baadhi yake yamo katika kilima cha Mrima, Kwale. Mfano ni disprosiamu, ambayo halijoto yake ya Néel ni karibu nyuzi 94 chini ya sifuri.

Wataalamu wengine walilitilia shaka wazo lake. Néel hakubishana, aliendelea na kazi. Vita vya Pili vilipozuka, alibuni njia ya kukinga meli za Ufaransa dhidi ya mabomu ya baharini yaliyolipuka kwa kuhisi sumaku ya chuma. Mamia ya meli zilikingwa. Wajerumani walipoteka Strasbourg, alihamia Grenoble akaanza upya.

Mwaka wa 1949, miaka 13 baada ya wazo lake, watafiti wa Marekani walipiga nyutroni ndani ya oksidi ya manganisi, wakaona atomu zimepangwa vile vile alivyosema. Mwaka huo huo Néel alieleza jinsi mawe ya volkano yanavyohifadhi kumbukumbu ya sumaku ya dunia. Kwa hivyo hata yale mawe meusi ya Nyambene tunayoyakanyaga hapa Isiolo yana habari zake!

Mwaka wa 1970 alipata Tuzo ya Nobel. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuona faida ya sumaku hizo zisizovuta. Lakini kufikia miaka ya 1990 zilikuwa zimeingia katika vifaa vya kusomea diski za kompyuta. Alifariki tarehe 17 Novemba 2000.

Wanafunzi wenzangu, tusidharau somo eti halina kazi. Na ukiwa na hakika ya jibu lako, vumilia hata kama darasa zima linacheka. Mvumilivu hula mbivu.