Shemasi Aliyeitwa Shetani

Nadhani sote tumewahi kutazama zile sinema za kauboi. Jambazi yuko mafichoni, dhahabu imefukiwa mahali, na sherifu anakuja mbio juu ya farasi. Basi leo nawaletea kisa cha dhahabu cha hapa petu, mwendo mfupi tu kwa matatu kutoka Kisumu. Shida yake ni moja: ukikisoma unashindwa kujua jambazi ni nani.

Mtu mwenyewe ni Walter Edwin Owen. Alizaliwa mwaka wa 1878, akaja Uganda mwaka wa 1904 akiwa mmishonari wa C.M.S., na mwaka wa 1918 akafanywa Shemasi Mkuu wa Kavirondo. Kavirondo ndilo jina ambalo wakoloni waliiita nchi ya Wajaluo na Waluhya.

Mwezi wa Desemba 1921, vijana waliosomea Maseno, akiwemo mwalimu Jonathan Okwiri, walikutana Lundha huko Gem wakaanzisha chama ambacho watu walikiita Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Walitaka kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, tena wapewe hati za kumiliki mashamba yao. Serikali ikaingiwa na hofu. Mwaka wa 1923 Owen akawa rais wa chama hicho, akakigeuza kuwa cha kutetea walipa kodi kwa upole. Wanachama waliahidi kuua panya, kuchimba vyoo, kupanda miti na kuacha ulevi. Hapa mimi simpigii makofi sana. Panya waliuawa kweli, lakini hati za mashamba hazikutoka, na dhahabu ilikuwa njiani.

Mwaka wa 1931 Mmarekani mmoja aitwaye Johnson, mlowezi wa Turbo, aliipata dhahabu karibu na Kakamega. Wakati huo bei ya mahindi imeanguka dunia nzima na nzige wamekula yaliyobaki, kwa hiyo walowezi hawakungoja kuambiwa mara mbili. Walimiminika na mahema, makarai na sururu. Vigingi vikapigwa ndani ya mashamba ya watu, mitaro ikachimbwa katikati ya mimea. Mwenye shamba anaamka asubuhi anakuta mgeni anapima ua wake kwa kamba!

Sasa sikilizeni habari ya sheria. Mwaka wa 1930 serikali ilikuwa imepitisha sheria kwamba ardhi ya Waafrika itakuwa yao milele. Kama kipande kikichukuliwa, sharti baraza la wenyeji liulizwe kwanza, na kipande kingine cha ukubwa ule ule kitolewe badala yake. Ile milele haikufika hata miaka mitatu. Desemba 1932 sheria ilibadilishwa haraka haraka: mchimbaji apewe ardhi, mwenyewe apewe pesa, na baraza lisiulizwe. Jamani, hata jambazi wa sinema huvunja sheria kwa kujificha. Hawa waliibadilisha mchana kweupe.

Owen hakunyamaza. Aliandika barua kwa magazeti ya Uingereza akieleza jinsi ahadi ilivyovunjwa, na jambo hilo likafika hadi Bunge la London, ambako hata Lord Lugard, mkoloni wa kupigiwa mfano, alilalamika. Walowezi walimchukia Owen kabisa. Walichezea cheo chake cha Kiingereza kwa kubadilisha herufi chache tu, shemasi mkuu akawa shetani mkuu. Yeye akaendelea. Mwaka wa 1938 aliwasumbua tena kwa ajili ya watoto waliokuwa wakichuma chai Kericho, mpaka serikali ikaunda kamati ya kuchunguza.

Sheria ile ya dhahabu haikurudishwa ilivyokuwa. Nayo dhahabu yenyewe haikuwa nyingi kama walivyoota. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka wa 1952.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hapa shuleni hawalijui. Owen naye alikuwa mchimbaji. Alipokuwa akizunguka kutembelea makanisa, macho yake yalikuwa chini, akiokota mawe yaliyochongwa na watu wa kale na vigae vya vyungu. Alipata zana za mawe Muguruk, karibu na Kisumu. Mwaka wa 1938 aliandika juu ya zile za Kombewa, na hadi leo wataalamu wa mambo ya kale, wawe Ufaransa au India, wakikuta jiwe lililochongwa kwa namna ile huliita Kombewa. Ndiyo, Kombewa hii yetu ya Seme! Vile vyungu vya kale vyenye kidimbwi chini, vya wafua chuma wa kwanza wa sehemu hizi, leo vinaitwa vya Urewe, na Urewe iko Siaya.

Owen alifariki mwaka wa 1945. Kitabu cha vyungu hivyo kilitoka miaka mitatu baadaye, na jina lake limeandikwa pamoja na ya Louis na Mary Leakey.