Jamaa wa ndevu aliyegawa namba za intaneti

Fungua mipangilio ya waifai kwenye simu yako. Kama uko nyumbani, kuna uwezekano mkubwa utaona anwani inayoanza na 192.168, na chini yake maski ya 255.255.255.0. Namba zote mbili zimepitia mikononi mwa mtu mmoja ambaye hujawahi kumsikia: Jon Postel.

Alizaliwa Agosti 6, 1943, Altadena, California. Shule ya upili alisoma Van Nuys, shule moja na Vint Cerf na Steve Crocker, halafu wote watatu wakakutana tena chuoni UCLA, mahali ambapo kompyuta ya kwanza ya ARPANET iliunganishwa 1969. Cerf akapata umaarufu. Postel, na ndevu zake ndefu na viatu vya wazi, akachukua ile kazi hakuna mtu huitaka: kuandika nani amepewa namba gani.

Usiicheke hiyo kazi. Mashine mbili zikiwa na namba moja, ujumbe unapotea. Akaweka orodha, akahariri nyaraka za RFC zinazoeleza jinsi kompyuta zinavyoongea, na akaendelea hivyo karibu miaka 30. Majina ya nchi pia yalipitia kwake; .ke yetu iliingia kwenye orodha mwaka wa 1993.

Sasa turudi kwako. Mwaka wa 1985, yeye na Jeff Mogul waliandika RFC 950, utaratibu wa kukata mtandao mmoja kuwa vipande, yaani sabneti. Maski ndiyo kisu: inaonyesha sehemu gani ya anwani ni jina la mtandao na sehemu gani ni ya kifaa. Na ile 192.168 ilitengwa na ofisi yake, IANA, iwe ya matumizi ya ndani tu, ndiyo maana wewe na jirani mnaweza kuwa nayo bila kugongana.

Kwa hivyo ukiwa na ruta mbili, ya kwanza ipe 192.168.1.1, ya pili 192.168.2.1. Waya utoke ruta ya kwanza uingie tundu la WAN la ile ya pili. Ukiziacha zote kwenye 192.168.1, ruta ya pili itaona mtandao uleule mbele na nyuma, na hutatoka kwenda popote. Halafu wengi hukosea hapa: wageni au wapangaji waweke kwenye ruta ya kwanza, kompyuta yako ya kazi iwe nyuma ya ya pili. Aliye nyuma anaweza kumfikia wa mbele, lakini wa mbele hamfikii wa nyuma. Ukigeuza, umewafungulia mlango.

Januari 28, 1998 Postel alifanya jambo la kutisha. Serikali ya Marekani ilikuwa inapanga nani atasimamia majina ya intaneti. Yeye akawaandikia wasimamizi 8 kati ya 12 wa seva kuu, akawaomba wachukue orodha kutoka kwa mashine yake badala ya ile ya kampuni iliyokuwa na kandarasi ya serikali. Wakakubali, bila maswali! Watumiaji hawakuhisi kitu. Washington ikahisi. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Clinton, akamwamuru arudishe mambo yalivyokuwa, akarudisha, akasema lilikuwa jaribio tu. Hapo mimi siamini sana. Nadhani alitaka waone kwamba intaneti ilimsikiliza yeye kwa kumwamini, si kwa sheria.

Mwaka huohuo ICANN ikaundwa kuchukua kazi yake. Postel hakuiona ikikua. Alifariki Oktoba 16, 1998, Los Angeles, baada ya matatizo yaliyofuata upasuaji wa moyo. Alikuwa na miaka 55. Rafiki yake Cerf aliandika tanzia na kuichapisha kama RFC, namba 2468, kwenye orodha ileile aliyoitunza marehemu.