Michael Wood, Mfinyanzi wa Viungo

Neno "plastiki" huwapotosha wanafunzi wengi. Asili yake ni kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kufinyanga, na ufinyanzi ndio uliokuwa kazi ya Sir Michael Wood, daktari Mwingereza aliyejifunza kwa Archibald McIndoe, aliyezitengeneza upya nyuso za marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1957, pamoja na McIndoe na Tom Rees, Wood aliasisi shirika la AMREF, likawapeleka madaktari vijijini kwa ndege. Alifariki mwaka 1987.

Hapa Nyeri, baridi ya Julai huwasogeza watoto jikoni, na moto haubagui. Kovu hukunja vidole. Kuvinyoosha si urembo. Ni kumrudishia mtoto kalamu yake.