Tom Mboya: Alikosa karo, akajaza ndege wanafunzi

Ingia saiba yoyote pale Kondele na hutakosa kijana anayejaza fomu ya chuo cha Afrika Kusini. Cape Town, Wits, Pretoria. Kujaza si kazi. Kazi ni pale anapogundua kwamba ufadhili wa serikali yao, NSFAS, si wa Mkenya, na kwa vile Kenya haimo SADC, karo yake itahesabiwa kama ya mgeni.

Hili tatizo ni kuukuu. Enzi za mkoloni, nafasi Makerere zilikuwa chache, kwa hivyo wengine walishuka hadi Fort Hare. Eliud Mathu alisoma huko, na baadaye Charles Njonjo. Kisha mwaka 1959 serikali ya makaburu ikapitisha sheria ya kugawa vyuo vikuu kwa misingi ya rangi na kabila. Njia ya kusini ikazidi kuwa nyembamba. Mwaka huohuo, jamaa mmoja wa Rusinga akatafuta njia nyingine.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge. Alisoma Kabaa, akaja St Mary's Yala, kisha akaenda Mang'u. Hapo ndipo mambo yalikwama. Kichwa kilikuwepo, karo haikuwepo, na wadogo zake walikuwa wanangoja zamu yao. Aliacha shule kabla ya kumaliza, akasomea kazi ya ukaguzi wa afya kwa sababu huko mwanafunzi alipewa posho.

Kazi hiyo ilimpeleka baraza la jiji la Nairobi, baraza likamwingiza kwenye vyama vya wafanyakazi. Kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho lao. Mwaka 1955 alipata ufadhili wa mwaka mmoja Ruskin College, Oxford. Digrii hakupata. Mwaka 1957 akachaguliwa mbunge.

Wakati huo vijana wengi walikuwa wanajiandikia barua wenyewe kwa vyuo vya Marekani, na wengine walijibiwa vizuri: nafasi ipo, karo imelipwa. Lakini barua si tiketi. Nauli ya ndege pekee ilimshinda mzazi hata akiuza ng'ombe wote. Mboya aliona hapo ndipo pa kushika. Mapema 1959 alizunguka Marekani akihutubia na kuomba, na pamoja na rafiki yake William Scheinman wakaanzisha mfuko wa kukodi ndege nzima. Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson waliweka majina yao kwenye barua ya kuchangisha. Huku nyumbani, Mboya, Julius Kiano na Kariuki Njiiri walichambua maombi, na familia zikafanya michango ili mtoto asifike mikono mitupu. Maafisa wa mkoloni walinuna, wakidai vyuo vya Marekani ni vya kiwango cha chini. Ndege ya kwanza iliondoka Septemba 1959 na wanafunzi 81.

Wengi mtaani huapa kwamba Barack Obama mzee alikuwa ndani. Hakuwemo. Yeye alienda Hawaii kivyake, akisaidiwa na wanawake wawili Wamarekani waliomfahamu Nairobi.

Mwaka uliofuata waombaji waliongezeka na serikali ya Marekani ikakataa kulipia ndege. Julai 1960 Mboya alimfuata John F. Kennedy, seneta aliyekuwa anawania urais, hadi nyumbani kwake Hyannis Port. Wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai ni mmoja wa waliosafiri 1960. Kufikia 1963, karibu vijana 800 kutoka Afrika Mashariki na nchi jirani walikuwa wamevuka.

Baada ya uhuru Mboya alikuwa waziri, mwishowe wa mipango ya uchumi. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka duka la dawa katikati ya Nairobi. Alikuwa na miaka 38. Amezikwa Rusinga, ndani ya jengo lenye umbo la risasi. Kutoka Kondele unapanda matatu hadi Homa Bay, kilipo chuo kikuu chenye jina lake, halafu Mbita, halafu unavuka daraja.