Baucher: fundi wa farasi aliyejifunza upya akiwa mzee

Kama umewahi kutazama farasi wa Olimpiki wakicheza kama wanadansi, lazima umejiuliza: huyu jamaa juu amekaa tu, farasi anajuaje cha kufanya? Mchezo wenyewe unaitwa dresaji. Farasi anasikiliza uzito wa mwili, mguu unaomgusa ubavuni na kidole kinachokaza hatamu kidogo tu. Na ukitaka kujua usikivu huo hutafutwa vipi, stori ya François Baucher itakufaa.

Baucher alizaliwa Versailles, Ufaransa, mwaka 1796. Akiwa kijana alienda Milan kwa mjomba wake, aliyekuwa akifanya kazi ya farasi, na huko ndiko alikojifunzia. Jina lake lilivuma baadaye Paris, kwenye sarakasi. Ndio, sarakasi. Wakubwa walimdharau kwa hilo, lakini bado walijaa kumtazama.

Farasi wake maarufu aliitwa Partisan. Huyo alikuwa ameuzwa bei ya kutupa kwa sababu ya ukorofi, hakuna aliyemtaka. Mikononi mwa Baucher akawa mtulivu ajabu. Baucher ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kumfunza farasi abadilishe mguu unaotangulia kila hatua anapotimka. Leo kwenye Grand Prix ya dresaji lazima ufanye hivyo mara 15 mfululizo.

Mwaka 1842 alitoa kitabu cha mbinu zake, na jeshi la Ufaransa likazijaribu. Paris ikagawanyika: huku mashabiki wake, kule wa mpinzani wake, Comte d'Aure. Mwishowe jeshi likamkataa. Hebu fikiria uchungu huo.

Sasa sikiza vizuri. Mbinu yake ya kwanza ilitaka nguvu na ufundi mwingi. Miguu inamsukuma farasi mbele huku mikono inamzuia, vyote kwa pamoja, mpaka mnyama asiwe na pa kukimbilia ila kutii. Kwake ilifanya kazi kwa sababu mikono yake ilikuwa ya kipekee. Kwa wengi walioiga, farasi waliishia kuchanganyikiwa. Ni kama kukanyaga breki na mafuta kwa wakati mmoja. Gari litaenda wapi?

Halafu ikaja 1855. Baucher alikuwa ndani ya ukumbi wa sarakasi wakati taa kubwa ya dari ilipomwangukia na kumjeruhi vibaya. Alikuwa anakaribia miaka 60. Nguvu alizotegemea maisha yote zikaisha, na hakuonekana tena akipanda mbele ya umma.

Wengi wangekunja virago hapo. Yeye aliendelea kufunza wengine na kupanda kimyakimya, lakini sasa alilazimika kujiuliza: bila nguvu, farasi atanisikia vipi? Jibu likabadilisha kila kitu. Mkono ukifanya kazi, mguu utulie. Mguu ukiomba, mkono uachilie. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa upole, na farasi akishajibu tu, unaacha kumsumbua. Mwaka 1864 aliyaweka hayo kwenye toleo la 12 la kitabu chake. Yaani mzee alirekebisha kazi iliyompa jina.

Mmoja wa wanafunzi wake aliitwa L'Hotte. Huyu alikuwa tayari afisa wa jeshi, anajua kupanda, lakini bado alienda kuchukua masomo kwa Baucher na pia kwa d'Aure, wale wapinzani wawili! Baadaye akaongoza wapanda farasi wa shule ya jeshi ya Saumur na kufika cheo cha jenerali.

Baucher alipokuwa anakaribia kufa, mwaka 1873, L'Hotte alimtembelea. Mzee akashika mkono wa mwanafunzi wake na kumwonyesha somo la mwisho: mkono uliotulia, usiovuta.

Kwa hivyo siku ukipata nafasi ya kupanda, na farasi agome kugeuka, usikimbilie kuvuta hatamu kwa nguvu zaidi. Pengine unampigia kelele kwa mikono na miguu, na yeye hajui afuate ipi. Tafuta mwalimu akuangalie jinsi unavyokaa. Mara nyingi anayehitaji somo ni yule aliye juu ya tandiko.